Alikuwa Anacheza

Jumanne, 4 Aprili 1972

Majani tena. Pasaka imepita na chai haikujua kama kuna Pasaka. Imeota tu. Malori tisa mpaka saa kumi jioni, mengine mawili yamekwama kwenye matope njia ya Kapsoit. Mvua saa nane kamili, kama kawaida ya hapa. Mkono unaniuma kwa kuandika.

Asubuhi nimegombana na mtu wa mizani. Anasema "gari amefika". Nikamwambia limefika. Akasema ndiyo, amefika. Miaka tisa niko Kericho na bado sijazoea. Kwa hawa ndugu zetu Wakipsigis kila kitu ni mtu. Mvua anakuja. Jiko amezima. Mguu anauma. Hata sisi kule Kisii hatukuzaliwa nacho Kiswahili, lakini mimi nilikisoma kwa kitabu na mwalimu alinichapa mpaka kikaingia. Ofisini wananiita Profesa. Wanadhani wananitania. Mimi napenda.

Mashine ya pili ya kusaga imeziba mara sita leo. Majani hayajanyauka sawasawa, lakini meneja wa kiwanda anataka yapite tu. Madereva wanapiga honi nje. Kelele mpaka kichwa kinauma. Nikafunga dirisha.

Ijumaa, 7 Aprili

Ajali. Mashine ya pili.

Kiplangat arap Koech, yule mrefu wa laini ya sita ya nyumba za wafanyakazi, anayelisha majani kwenye rola. Mkono wa kulia. Vidole vyote, na gumba.

Nilisikia mashine ikibadilisha sauti. Sikusikia mtu akilia. Kilio kilikuja baadaye, mashine ikiwa imeshazimwa.

Meneja akanituma zahanati nikachukue maelezo kabla hajapelekwa hospitali. Alisema sheria inataka ofisi ya leba ya serikali ipate habari upesi, na habari bila maneno ya mwenyewe si habari. Nikaenda na kalamu. Dresa, mhudumu wa zahanati, alikuwa ameshamchoma sindano. Kiplangat alikuwa na jasho usoni, meno yanagongana. Nikamwuliza kilichotokea. Alisema mambo mengi kwa Kikipsigis, na mimi sikijui. Nikamwambia aseme Kiswahili. Nilichoshika ni hiki: "Alikuwa anacheza, karani. Alikuwa anacheza." Kisha macho yakageuka akazimia.

Anacheza. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, anacheza na mashine. Nilikasirika kweli. Sijala chochote jioni. Damu ilikuwa nyingi kwenye majani, na majani hayo yalimwagwa nyuma ya kiwanda, debe kwa debe.

Jumamosi, 8 Aprili

Nimeandika fomu. Ni ya Kiingereza, kwa hiyo nikageuza maneno yake na kuyanyoosha: mfanyakazi alikiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa akicheza na mashine wakati wa kazi. "Na mashine" niliongeza mimi. Bila hivyo sentensi ilikuwa kilema. Mwandiko safi, hakuna hata mahali pa kufuta.

Meneja alisoma mara mbili. Akaniambia kazi nzuri, Nyakundi. Huwa hasemi hivyo. Nikarudi nyumbani kwa baiskeli nikiwa na furaha kidogo. Aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumatano, 12 Aprili

Siku mbaya.

Odhiambo amekuja ofisini kuomba karatasi ya kuchukulia rangi. Yeye ndiye fundi wa mitambo, Mjaluo wa Nyakach, mtu asiye na maneno mengi. Nikamwuliza rangi ya nini. Ya njano, ya bati la kukinga lile la mashine ya pili. Meneja anataka bati lipakwe na bolti zote nane zirudi kabla mtu wa leba hajafika kukagua.

Nikamwuliza zirudi kutoka wapi.

Kumbe bolti sita zimekaa kwenye kopo la mafuta ya kupikia, karakana kwake, tangu Februari. Kila mashine ikiziba lazima bati lifunguliwe, na bolti nane kwa spana ni dakika nyingi, na malori yanangoja. Meneja akaamuru ziachwe mbili, kwingine pafungwe waya. Odhiambo alisema hivi akiangalia kofia yake. Akasema bati lilikuwa linacheza wiki nzima. Kiplangat alimlalamikia mara mbili, naye akamwambia meneja mara mbili. Siku ile waya ulikatika, bati likateleza, na mkono ukaenda nalo.

Linacheza.

Nilimpa karatasi yake ya rangi. Akaenda. Mimi nikabaki nimeshika kalamu kama mpumbavu.

Gari amefika. Mvua anakuja. Bati anacheza. Mtu wa Kipsigis hawezi kusema "lilikuwa linacheza" hata ukimlipa. Angesema tu alikuwa anacheza. Na ndivyo alivyosema. Kwa Kiingereza lazima uchague, ni mtu au ni kitu. Mimi nikachagua mtu. Mimi, Profesa.

Alhamisi, 13 Aprili

Nimepiga moyo konde nikaingia kwa meneja. Nikamwambia kuna kosa la lugha kwenye fomu, naomba niandike nyingine. Nilieleza vizuri kabisa, na mifano.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema fomu imekwenda, iko Kericho mjini, imegongwa mhuri. Chini yake kuna sahihi yangu kwamba maneno ni ya kweli. Kama sasa nasema si ya kweli, basi nilitoa habari ya uongo kwa serikali, na hilo lina kifungo. Hakupaza sauti. Akaniuliza kama nyumba yangu ya kampuni haivuji siku hizi. Nikasema haivuji. Akasema vizuri.

Nimetoka nimefyata mkia.

Ijumaa, 14 Aprili

Sheria ya fidia imebandikwa ofisini kwetu. Kampuni inalazimika kuibandika, basi imebandikwa nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi haionekani, na mlango uko wazi siku zote. Leo saa ya chakula nimeufunga nikasoma. Mara ya kwanza kwa miaka tisa.

Inasema kiungo cha hatari cha mashine lazima kikingwe. Inasema mtu akiumia kazini mwajiri amtibu na amlipe fidia. Hakuna mahali inaposema kwanza aulizwe kama alikuwa mwangalifu. Lakini mbele kidogo: akiumia kwa utundu wake wa kusudi, hapati, labda korti iamue vingine. Utundu wa kusudi. Hilo ndilo meneja aliloliona aliposoma fomu yangu. Sasa naelewa ile kazi nzuri.

Jumapili, 16 Aprili

Sikwenda kanisani. Nimekwenda hospitali kumwona Kiplangat. Nimempelekea sukari na ndizi.

Mkono umefungwa, mnene kama mtoto mchanga kwenye shuka. Mke wake Tapsabei alikuwa amekaa chini kando ya kitanda. Anachuma chai kibarua, siku ya kazi ikiwapo. Nyumba imeandikwa kwa jina la mume. Mume akitoka kazini, nyumba inatoka. Hilo wanajua, hawahitaji karani kuwaambia.

Kiplangat hana wasiwasi. Hilo ndilo lililonimaliza. Ameambiwa na wagonjwa wenzake kwamba kampuni lazima ilipe, ni sheria ya serikali. Ameshapanga. Kwao ni upande wa Bomet, shamba la baba yake limegawanywa kwa ndugu watano mpaka limekuwa kipande cha kusimama tu. Fidia itanunua kipande kingine hukohuko, na ng'ombe mmoja wa maziwa, na mkono mmoja unatosha kumshika ng'ombe kamba. Anasema kukamua mke atakamua. Tapsabei akacheka. Mimi nikacheka pia.

Nilikwenda nikiwa na maneno tayari. Nikarudi nayo.

Alhamisi, 20 Aprili

Mtu wa chama cha wafanyakazi amefika. Amekunywa chai na meneja. Ameondoka.

Jumatatu, 1 Mei

Sikukuu ya Wafanyakazi. Kiwanda hakikufungwa, majani ni mengi. Redio ilisema mambo mazuri juu yetu.

Jumanne, 9 Mei

Barua imetoka makao makuu ya kampuni. Niliipiga chapa mimi mwenyewe nakala ya faili, ndiyo kazi yangu. Fidia imekataliwa. Sababu: mfanyakazi, kwa kukiri kwake mwenyewe. Kisha maneno yangu, yote, na alama za kunukuu.

Nimekuwa karani muda mrefu. Sijawahi kunukuliwa na mtu.

Kiplangat ametoka hospitali tangu Ijumaa. Nilimwona kwa mbali akivuka njia ya laini. Alininyanyulia ule mkono wa kitambaa kunisalimu. Nikajifanya natazama mnyororo wa baiskeli.

Ijumaa, 12 Mei

Kiplangat amelalamika leba. Alitembea mpaka mjini kwa miguu. Ofisa ametuita sote tarehe kumi na nane: meneja, Kiplangat na mimi. Mimi kama niliyeandika.

Bado kuna nafasi. Nitasema. Ofisa wa serikali si meneja, hawezi kuninyang'anya nyumba. Nimemwambia Odhiambo. Amesema naye atakuja na kopo lake la bolti alimwage juu ya meza. Tumepeana mikono. Leo nitalala vizuri, mara ya kwanza tangu ile siku.

Jumatano, 17 Mei

Odhiambo ametumwa kiwanda cha upande wa Bomet kutengeneza draya ya kukaushia majani. Siku tatu. Gari lilimchukua alfajiri, hakupata hata kuniaga. Kopo halipo karakana. Nilitazama.

Barua kutoka nyumbani. Mdogo wangu amepata nafasi kidato cha kwanza. Mama anasema Mungu ni mkubwa na mimi ndiye tegemeo.

Nimeandika maelezo upya, ukurasa mmoja, Kiswahili na Kiingereza, ile "a" ya "alikuwa" nimeieleza kama mwalimu darasani. Nimekunja nikaweka mfuko wa ndani wa koti.

Alhamisi, 18 Mei

Niandike yote, kwa mpangilio, niache kujidanganya.

Tulikwenda kwa gari la meneja. Mimi nyuma. Tulimpita Kiplangat njiani anatembea kwenye mvua na mke wake, wamejifunika gunia. Meneja hakusimama. Sikusema simama.

Ofisa ni kijana, Mkamba nadhani, suti ya kahawia, mafaili mpaka dirishani. Alionekana mtu mwema aliyechoka. Alimwuliza Kiplangat. Kiplangat akasema yake: bati alikuwa anacheza, bolti hakuna, waya amekatika. Alisema "pati" na "polti", ulimi wao ndio ulivyo, lakini mtu yeyote angeelewa. Meneja akasema hadithi hii ya bati imezaliwa hospitalini, kwa mashauri ya watu. Siku yenyewe hakulitaja. Na ofisa mwenyewe alipokuja kukagua alilikuta bati na bolti zake nane, na rangi yake. Ofisa akakubali, alilikuta hivyo.

Akanigeukia mimi. Akaniuliza kama siku ile nilisikia neno bati. Nikasema sikulisikia. Kweli, sikulisikia. Akauliza kama alisema alikuwa anacheza. Nikasema ndiyo. Kweli tena.

Kisha akaacha kalamu chini, akaniuliza polepole, kama mtu anayekufungulia mlango na kuushika usijifunge: "Karani, wewe umeishi na watu hawa. Haiwezekani alikuwa anasema habari ya mashine?"

Karatasi ilikuwa kifuani. Nilikuwa naisikia ikigusa shati. Meneja hakunitazama hata kidogo, alikuwa anatazama kucha zake.

Nikasema: "Niliandika nilivyosikia, bwana."

Hapo ndipo. Mengine yote yalikuwa kweli. Hapo nilidanganya, kwa maneno matatu, na sikuongeza kitu. Kiplangat alikuwa ananitazama akitikisa kichwa taratibu kukubali, maana anajua mimi nimesoma.

Ofisa akaandika. Akamwambia Kiplangat njia iliyobaki ni korti, atafute wakili. Kiplangat akauliza wakili ni nini.

Ijumaa, 19 Mei

Nimeichoma ile karatasi jikoni. Mwoga kabisa mimi.

Jumatatu, 22 Mei

Odhiambo amerudi. Nimemweleza. Akaondoka. Baadaye kidogo akarudi, akasimama mlangoni, akasema yeye angekuwepo labda naye angenyamaza, hajui. Sijui kama alisema hivyo kunifariji au kunitukana. Hatukunywa chai pamoja.

Jumamosi, 27 Mei

Majani mengi. Mashine ya pili imeziba mara nne. Mchana nimepita pale kupeleka hesabu ya zamu. Bolti mbili, waya. Rangi mpya ya njano ya bati imeshaanza kuchubuka pembeni. Anayelisha sasa ni Mkisii mwenzangu, ametoka Nyaribari mwezi jana, bado ananiamkia shikamoo. Nilimwambia kwa Kikisii ajihadhari na bati lile. Akasema hakuna taabu, ameshalizoea.

Nimesema kwa meneja? Sikusema. Nimeandika popote? Hapa tu.

Jumanne, 30 Mei

Mvua ya mawe. Imepiga chai yote ya mteremko wa chini, majani yamechanika yamekuwa meusi. Kiwanda kimya. Meneja alisimama barazani mikono mfukoni. Nilifurahi. Kisha nikakumbuka vibarua hawatapata siku kwa wiki mbili, na Tapsabei ni kibarua. Hata furaha yangu inamwangukia mtu mwingine.

Lakini hilo halimhusu tena Tapsabei. Faili ya Kiplangat imeletwa mezani kwangu niifunge. Hafai kwa kazi. Nyumba iachwe kabla ya tarehe moja.

Jumatano, 31 Mei

Kiplangat amekuja kutia alama ya kuacha kazi.

Kulikuwa kimya, kiwanda bado kimesimama kwa ajili ya ile mvua ya mawe. Alivua kofia mlangoni. Nikamwonyesha kiti, akakataa, viatu vyake vina matope. Nikasoma karatasi kwa sauti kama inavyotakiwa: amelipwa siku zake, ameridhika, hana dai lolote juu ya kampuni. Nilisoma haraka. Alisikiliza akiangalia midomo yangu.

Fomu ina kisanduku cha dole gumba la kulia. Nimezoea. Wanakuja kumi, ishirini kwa siku, nanyoosha mkono bila kuangalia, nashika dole, nalibonyeza kwenye wino, nalibandika. Leo pia nilinyoosha mkono bila kuangalia. Nikashika kitambaa.

Hakuvuta mkono. Aliniachia tu. Kisha akanipa wa kushoto, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Nikabandika. Nikaandika pembeni, kushoto, na sahihi yangu.

Nje mke wake alikuwa na mizigo miwili na watoto. Watatembea mpaka barabara kuu, labda wapate lori la kwenda Bomet. Nilitaka kusema neno. Nilikuwa nalo mdomoni kweli safari hii, na hakukuwa na mtu ofisini ila sisi wawili.

Yeye akaanza. Alikuwa amefikiria, ilionekana, alikuja nalo kutoka nyumbani. Akasema, "Pole, karani. Mimi najua ulitaka kusaidia. Kiswahili yangu ndiyo alikuwa mbaya."

Nikamwambia si kitu.